Mkonge warejea kwa jina la malighafi ya kijani, lakini maabara ziko mbali na shamba

Na Mwandishi Wetu

SERIKALI ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia Juni 1, 2019, haikupita muda masoko ya nchi yakajaa mifuko laini ya rangi iliyopewa jina la mifuko mbadala. Wapo wanunuzi wanaoamini hadi leo kuwa mifuko hiyo ni ya kitambaa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mifuko hiyo imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki itokanayo na petroli, isipokuwa nyuzi zake zimeshikanishwa kwa joto hata zikafanana na nguo.

Polipropilini si jina geni katika historia ya mkoa wa Tanga. Ilianza kuzalishwa viwandani katika miaka ya 1950, ikatengenezewa kamba na magunia, na katika miongo michache iliyofuata ikawa imeuondoa mkonge katika sehemu kubwa ya soko lake la dunia. Kwa hiyo, nchi iliyopata kuongoza duniani kwa uzi wa mkonge imepiga marufuku mifuko ya plastiki, na pengo lililobaki likajazwa na plastiki ileile iliyoufilisi uzi huo.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini wakati huu ambapo vyuo vikuu, wabunifu wa majengo na viwanda vya magari katika mabara mbalimbali vinatafuta malighafi za mimea ili kupunguza matumizi ya plastiki na nyuzi za kioo. Kitani, jute, mwanzi, makumbi ya nazi na mkonge, vitu ambavyo miaka 30 iliyopita vilionekana kuwa vya kizamani, sasa vinaandikiwa tasnifu za uzamivu.

Hapa nchini, mkonge umeingizwa katika orodha ya mazao ya kimkakati, na aliyekuwa Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, aliusimamia mwenyewe mpango wa kuufufua. Lengo lililotangazwa lilikuwa kufikisha tani 120,000 kwa mwaka ifikapo 2025, wakati mpango ulipoanza uzalishaji ukiwa chini ya tani 40,000. Uzalishaji umepanda, lakini lengo hilo halikufikiwa kwa wakati uliopangwa.

Pengine si lengo lenyewe lenye kasoro, bali kipimo kilichochaguliwa. Hekta na tani huonesha bidii ya mkulima. Hazioneshi kama uzi anaouvuna utaweza kuishinda plastiki sokoni. Hilo linaamuliwa na kazi nyingine kabisa, ya maabara, ya viwango na ya bei, na kwa sasa sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika mbali na Korogwe, Muheza na Pangani.

Miche 62 kutoka Florida

Mkonge si mmea wa asili ya Afrika. Kwao ni Mexico. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Dk. Richard Hindorf, aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Ujerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, kupitia bandari ya Hamburg. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Kutokana na miche hiyo michache yalitokea mashamba yaliyoandamana na reli ya Tanga, yakaenea Morogoro, Kilimanjaro na Lindi, na kuvuta maelfu ya vibarua kutoka Kigoma, Songea, Burundi na Msumbiji. Watu hao waliitwa manamba, kwa kuwa mwajiri aliwatambua kwa namba kabla ya majina. Uhuru ulipopatikana, Tanganyika ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani, na mwaka 1964 uzalishaji ulivuka tani 230,000.

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu anguko lililofuata ni utaifishaji. Hakuna anayeweza kukanusha kuwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zaidi ya nusu ya mashamba yaliwekwa mikononi mwa umma, na kwamba usimamizi wake ulizorota, mitambo ikachakaa bila ya kubadilishwa. Hata hivyo, bei ya mkonge katika soko la dunia ilikwishaanza kuporomoka kati ya mwaka 1964 na 1967, kabla ya shamba lolote kutaifishwa. Kenya haikutaifisha mashamba yake, na uzalishaji wake nao ulishuka baada ya kilele hicho cha 1964. Siasa iliongeza kasi ya anguko, lakini haikulianzisha.

Ushahidi mzuri zaidi ni wa miaka ya 1973 na 1974. Nchi zinazozalisha mafuta zilipopandisha bei, plastiki ikawa ghali, na bei ya mkonge ikapaa ghafla bila ya mkulima wa Tanga kubadili chochote shambani mwake. Mafuta yaliposhuka baadaye, mkonge ukashuka nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa inazalisha karibu tani 20,000 tu, chini ya sehemu ya 10 ya ilivyokuwa.

Funzo la takwimu hizo linasahaulika kirahisi katika hotuba za leo. Mnunuzi wa kamba ya kufungia majani makavu ya mifugo, awe Ufaransa au Marekani, alikuwa akijua kuwa mkonge huoza ardhini bila ya madhara na kwamba plastiki haiozi. Alinunua plastiki kwa sababu ilikuwa rahisi, nyepesi na haikuoza ghalani. Sifa ya kuwa rafiki wa mazingira haikuusaidia mkonge wakati ule. Hakuna hakika kwamba itausaidia sasa, iwapo itabaki kuwa sifa tupu.

Uzi wenye nguvu, wenye kasoro zake

Kwa nini basi watafiti wamerudi? Kwa sababu uzi wa mkonge, unaoitwa singa na watu wa mashambani na katani na mafundi wa mjini, una sifa adimu. Takribani theluthi mbili za uzito wake ni selulosi, kemikali ileile inayoupa mti nguvu. Sentimita moja ya ujazo ya uzi huo ina uzito wa takribani gramu 1.5, ilhali nyuzi za kioo zinazotumika katika mabodi ya magari na matangi ya maji hufikia gramu 2.5. Gari likiwa jepesi hutumia mafuta kidogo, na ndiyo maana nyuzi za mimea, mkonge ukiwemo, zimeingia katika paneli za milango na sehemu nyingine za ndani za magari.

Fundi wa dari za jasi hahitaji kufafanuliwa hayo. Jasi peke yake hupasuka kama biskuti, na ikichanganywa na katani hushikamana. Saudi Arabia na Nigeria zimekuwa wanunuzi wa kudumu wa mkonge wa Afrika Mashariki kwa kazi hiyohiyo ya jasi.

Lakini uzi huu una kasoro, na kasoro hizo ndizo zinazoifanya kazi ya maabara kuwa ya lazima. Ya kwanza ni maji. Uzi wa mmea huyapenda maji na huvimba unapoyanywa, wakati plastiki nyingi huyakataa. Ukiuchanganya uzi huo na plastiki iliyoyeyushwa bila ya kuuandaa, viwili hivyo havishikani vizuri, na bodi iliyotengenezwa huanza kuachia nyuzi zake. Dawa inayotumika zaidi ni kuuosha uzi kwa kostiki, ileile inayotumiwa na watengeneza sabuni, ili kuondoa nta na uchafu juu yake. Kiasi kikiwa kidogo haisaidii, kikizidi uzi wenyewe huharibika.

Ya pili inahusu saruji. Katika miaka ya 1970 na 1980 palikuwa na matumaini makubwa kuwa mkonge ungechukua nafasi ya asbestosi katika mabati ya saruji ya kuezekea. Mabati hayo yalikuwa imara yakiwa mapya, kisha baada ya muda yakawa yanavunjika kwa urahisi. Mtafiti wa Sweden, Hans-Erik Gram, alieleza sababu yake katika kazi aliyoichapisha mwaka 1983: ndani ya saruji mna ukali wa chokaa unaoyeyusha gundi ya asili inayoshikanisha chembe za uzi, hivyo uzi hulika taratibu ukiwa ndani ya bati. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakipunguza chokaa hiyo kwa kuongeza majivu ya pumba za mpunga, majivu ya volkano au udongo uliochomwa.

Majivu ya pumba za mpunga. Kwa nchi yenye Mbeya, Morogoro na Shinyanga, hiyo si malighafi ya kuagiza.

Kutoka Kisumu hadi Stanford

Mfano wa karibuni wa kile ambacho maabara inaweza kuufanyia mkonge umetoka kwa jirani zetu. Mjini Kisumu, Kenya, kampuni ndogo iitwayo Olex Techno Enterprises ilikuwa ikijaribu kutengeneza taulo za kike kwa mkonge. Tatizo lilikuwa lilelile la sifa za uzi: singa ni ngumu, haifyonzi kama pamba.

Kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, likiongozwa na Profesa Manu Prakash, lilishirikiana na kampuni hiyo. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa mwaka 2023 katika jarida la kisayansi la Communications Engineering. Watafiti hao waliuchemsha uzi kwa asidi inayopatikana kwa kuchanganya asidi ya fomiki na hidrojeni peroksaidi, ili kuondoa lignini, ambayo ndiyo inayoufanya uzi uwe mgumu kama mti. Kisha waliuchambua kwa mashine hadi ukawa kama sufi. Kwa mujibu wa utafiti huo, malighafi iliyopatikana ilifyonza zaidi ya ile iliyomo katika taulo zinazouzwa madukani.

Uzito wa jambo hili kwa mataifa kama yetu ni mkubwa. Pamba huhitaji maji na dawa nyingi. Mkonge huota mahali ambapo mahindi hukauka. Utaratibu huo aidha ulibuniwa kwa kusudi la kuendeshwa na karakana ndogo, si kiwanda cha mabilioni. Msichana anayekosa shule kwa siku kadhaa kila mwezi kwa kukosa taulo anaweza kuwa anaishi kilomita chache tu kutoka lilipo shamba la malighafi.

Lakini ni vyema kuona pia namna kazi ilivyogawanyika. Tatizo lilitambuliwa Kisumu, na uzi unaota Afrika Mashariki. Kemia iliyolitatua ilifanyika California.

Haikuwa hivi siku zote. Kituo cha utafiti cha Mlingano, wilayani Muheza, kilichoanzishwa katika miaka ya 1930, ndicho kilichoupatia ulimwengu mkonge chotara unaojulikana kwa namba yake, H.11648. Wataalamu wa kituo hicho waliuchanganya mkonge wa Amani na jamii nyingine ya mmea huo, wakapata aina inayotoa karibu majani 600 katika maisha yake, wakati mkonge wa kawaida hutoa 200 hadi 250. Aina hiyo ilipelekwa China na ikawa ndiyo inayotegemewa zaidi katika mashamba ya Guangdong na Guangxi. Mbegu iliyozaliwa Muheza inalisha viwanda vya China, na China hiyohiyo ni mnunuzi mkubwa wa singa za Tanzania.

Mlingano ilikuwa na uwezo huo kwa sababu wenye mashamba wa wakati ule, kwa maslahi yao wenyewe, waliona faida ya kugharimia utafiti. Nao waliutaka utafiti wa shamba: mbegu, udongo, magonjwa. Matumizi ya uzi waliyaacha kwa wenye viwanda vya kamba vya Ulaya, na plastiki ilipobisha hodi hapakuwa na aliyekuwa ameandaa matumizi mengine.

Asilimia 4, na nyingine 96

Jani la mkonge likikatwa halina budi kuchakatwa ndani ya siku moja au mbili, vinginevyo ubora wa singa hushuka. Mashine inayolichakata Tanga nzima huiita korona, jina la tangu enzi za wakoloni, kabla halijapata maana nyingine mwaka 2020. Korona huponda jani, maji yakapita na kuosha, singa zikaanikwa juani, zikapigwa brashi na kufungwa marobota.

Singa hizo ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani lililoingia. Asilimia 96 ni maji na massa ya kijani, ambayo kwa zaidi ya karne moja yamekuwa yakirundikwa au kuachwa yatiririke mitoni, yakioza na kuwanyima samaki hewa. Ni vigumu kuiita malighafi rafiki wa mazingira ikiwa kwa kila kilo 4 za uzi kilo 96 zinaharibu mto.

Jawabu lilipata kuoneshwa hapahapa nchini. Katika shamba la Hale, wilayani Korogwe, kampuni ya Katani ilijenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi itokanayo na mabaki ya mkonge, kwa ufadhili wa Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa (CFC), Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda (UNIDO) na Serikali. Mtambo huo wa kilowati 150, uliozinduliwa mwaka 2008, ulitajwa kuwa wa kwanza wa aina yake duniani. Tope linalobaki baada ya gesi kutoka ni mbolea. Aidha, katika utomvu wa jani mna hekojenini, kemikali inayotumiwa na viwanda vya dawa.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2009 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Nyuzi Asilia, na Hale ikawa mfano uliotajwa kila mahali. Matarajio ya kusambaza mitambo kama hiyo katika mashamba mengine hayakwenda kwa kasi iliyokusudiwa. Mkonge wa nchi hii umeendelea kuuzwa nje zaidi ukiwa robota la singa, yaani katika hali ileile uliyouzwa nayo wakati wa Hindorf.

Mkulima aliyekwisha kupanda

Anayebeba hatari ya haya yote si mtafiti wala mwenye kiwanda. Ni mkulima mdogo ambaye katika miaka ya karibuni ameitikia wito akapanda hekta 2 au 4, katika vijiji vya Tanga na hata katika mikoa ambayo haikuwa na asili ya zao hili.

Mkonge hauna haraka. Mavuno ya kwanza huja baada ya miaka 3 hivi, na mmea huendelea kukatwa kwa miaka 7 au zaidi hadi unapotoa mlingoti na kufa. Mkulima wa mahindi akikosea soko mwaka huu, mwakani hupanda kingine. Wa mkonge ameshaamua kwa muda wa miaka 10. Bei ikianguka katika mwaka wa 4, ana mawili ya kuchagua: kukata majani kwa hasara, au kung'oa visiki vyenye miiba kwa gharama ambayo hakuikopea.

Kabla ya bei, yuko mtu wa korona. Jani lisilosubiri siku 2 humlazimisha mkulima kukubali masharti ya mwenye mashine iliyo karibu. Wakulima wa Hale, Magoma, Mwelya, Magunga na Ngombezi wanalifahamu jambo hilo kwa miaka mingi, na ndiyo sababu vyama vyao vya ushirika, AMCOS, vimekuwa vikidai mashine kabla ya kudai kitu kingine chochote. Kuhimiza watu wapande pale ambapo hakuna korona ni kuwapa deni, si zao.

Kipimo cha unene, si cha asili

Wako wanaotegemea kuwa dunia itaizuia plastiki na mkonge utapata nafasi wenyewe. Mataifa yalikubaliana mjini Nairobi, Machi 2022, kuandaa mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Kikao cha Busan, Korea Kusini, cha mwaka 2024 kiliahirishwa bila ya muafaka, na kile cha Geneva cha Agosti 2025 nacho kikamalizika vivyo hivyo, nchi zinazozalisha mafuta zikipinga kuwekewa ukomo wa kuzalisha plastiki. Mkulima aliyepanda kwa kutegemea mkataba huo atasubiri.

Lililo ndani ya uwezo wa Serikali ni dogo zaidi na la karibu zaidi. Kanuni za mwaka 2019 ziliweka sharti kwamba mfuko mbadala usiofumwa uwe na uzito usiopungua gramu 70 kwa mita ya mraba. Sharti hilo linapima unene wa mfuko na halisemi lolote kuhusu malighafi yake, kwa hiyo polipropilini ilipita bila ya kipingamizi. Kiwango kinachodai sehemu fulani ya uzi wa mmea, kikiongezwa mwaka hadi mwaka, kingewapa wenye viwanda sababu ya kufanya utafiti ambao sasa hawana sababu ya kuufanya. Bei ya mfuko ingepanda kidogo, na ni haki wananchi waambiwe hivyo mapema.

Vivyo hivyo kwa ununuzi wa umma. Kila msimu wa korosho, Mtwara na Lindi huhitaji mamilioni ya magunia, nayo huagizwa Bangladesh na India yakiwa ya jute. Mara kwa mara meli huchelewa, minada ikakwama na wakulima wakalala maghalani na korosho zao. Singa ni nzito na ngumu kuliko jute, hivyo gunia la mkonge linahitaji ufumaji wake na mashine zake, na pengine uzi uliolainishwa kwa kemia kama ile ya taulo za Kisumu. Hilo ni swali la kitaalamu lenye mnunuzi anayesubiri jibu lake, na kutoka Mlingano hadi kwenye maghala ya Mtwara hakuna mpaka wa nchi wa kuvuka.